Goti la Adérito

Miaka thelathini na minane alipiga magoti,
na si kanisani.
Alizipigia magoti njia za Setúbal,
nyundo mkono mmoja, jiwe mkono wa pili,
jeupe, jeupe, jeusi, jeupe,
na jua likimchoma kisogo.
Goti la kulia likaisha kama kisigino cha kiatu.

Daktari Quitéria alitazama picha: mfupa wasaga mfupa.
Akaiweka kando, akachukua karatasi ya damu.
"Sukari ya miezi mitatu," akasema,
"haidanganyiki kama ya asubuhi moja.
Ishushe kwanza. Kabla ya hapo sishiki kisu."
Machi ikawa Juni, Juni ikawa Septemba.
Adérito alipanda ngazi zetu kwa makalio, kinyumenyume,
akimlaani daktari kila kidato.

Nilitupa asali. Nilitupa jamu ya tini ya marehemu mamake.
Yeye, kila siku, mkahawani kwa Olegário:
kahawa moja, vipakiti viwili,
cha tatu mfukoni mwa koti.
Nilivikuta nikifua, sukari imeloa, imegandia kwenye pindo.
Chovya chovya, mume wangu.
Buyu ni wewe.

Alipunguza, hata hivyo. Sitamsingizia.
Oktoba wakamtia goti la chuma na plastiki,
na usiku ule, hajatia kitu kinywani,
sukari ikapanda hadi mia mbili na tisini.
"Hajala!" nikapiga kelele. "Nimekaa hapa hapa, hajala!"
Nesi Graciete akanivutia kiti.
Mwili ukikatwa huogopa, akasema,
na ukiogopa hujifungulia ghala wenyewe.

Siku ya tisa mshono ulikauka juu, chini ukabaki na umajimaji.
Doa kwenye bandeji, dogo kama sarafu.
Jirani akasema ni kawaida.
Siku ya kumi na mbili likawa kama kisahani cha kikombe,
na lina harufu.
Nilielezwa baadaye: damu ikijaa sukari
askari wake huchelewa, wakifika husinzia,
na vijidudu hupenda chuma kigeni,
hujibanza pale dawa isipofika.
Wakamfungua tena. Wakaliosha goti kama unavyosugua chungu.
Wiki sita za dawa mshipani.
Mimi namchoma kidole mara nne kwa siku,
naandika nyuma ya kalenda ya bucha:
mia moja arobaini. Mia mbili kumi na mbili.
Tisini na nane. Hapo nikalia, sijui kwa nini.

Kisha kijana wa mazoezi, Tibério:
"Kanyaga, mzee. Isikie sakafu."
"Sakafu gani?" akauliza Adérito.
Tukacheka. Nikawa wa kwanza kuacha.
Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi, miaka minne,
naye akidhani ni buti.
Au hakudhani. Maradhi yafichwayo yana mwenyewe,
na mwenyewe nalala naye.

Februari tukafika pembe ya mtaa, hatua sitini na moja.
Akasimama.
Jiwe moja jeusi limeng'oka,
limelala kando ya tundu lake. Kazi yake, ya mwaka gani hata sikuuliza.
Akaliinamia kwa macho tu.
Goti jipya hukunjika hadi nyuzi themanini na tano,
na ardhi iko mbali zaidi ya hapo.

"Wewe," akasema.

Nikaweka kikapu chini, nikapiga magoti.
"Si hivyo. Ligeuze. Uso wake uko upande ule."
Nikaligeuza.
Akanipa mkongojo, yeye akashika ukuta,
nikagonga kwa mpini.
"Tena," akasema.